Kabla kifaa hakijafika kwenye mizani

(Maneno niliyoyasema mbele ya mafundi, wafanyabiashara na majirani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimepunguza pale nilipozunguka mno.)

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mafundi wenzangu wa Mwanjelwa, Kabwe na Soweto, akina mama wa sokoni, vijana mliopanda daladala kutoka Iyunga na Uyole, ndaga fijo kwa kuja na baridi hii. Wageni wetu wa Mafinga na Iringa, kamwene. Nimeambiwa nina nusu saa. Lakini mafundi mnatujua kwa "njoo kesho", kwa hiyo nusu saa ikipita msinishangae.

Hiki kilichoko mezani chini ya kitambaa cha kufuma, wengi mmeshakitambua kwa mgongo wake. Ni TV ya chogo, inchi 21. Ililetwa kwangu mwaka jana na mama mmoja wa Vwawa, imefungwa kwenye kitenge, amekuja ameipakata kwenye Noah kama mtoto mgonjwa. Kitambaa hiki alikifuma mwenyewe. TV aliinunua marehemu mumewe mwaka 1999, msimu ambao kahawa yao ilikwenda vizuri, na mama akaniambia: "Fundi, mimi sitaki faida. Nipe laki mbili tu, maana hii ilinunuliwa kwa bei ya ng'ombe."

Kabla ya kufika kwangu alikuwa amepita kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Yule kijana aliigonga mgongoni kwa kucha, akasema: "Mama, mimi nachukua shaba ya ndani tu. Plastiki sitaki, kioo sitaki. Elfu tatu." Mama akakunja kitenge chake akaondoka hana la kusema.

Nawaambieni kweli, yule kijana hakumdanganya. Na mama naye hakuwa na tamaa. Alichokosea ni mwaka. Angenijia 2005 na TV hii hii, ningemtafutia mnunuzi kabla chai haijapoa. Hata 2010 angepata pesa ya maana. Alikuja wakati bei moja imeshakufa na nyingine haijamfaa kitu.

Kifaa chochote cha ndani kina bei tatu katika maisha yake. Ya kwanza mnaijua, ile ya dukani, ya boksi na risiti. Ya pili ni ile anayoitoa mtu wa pili anapokinunua kikiwa bado kinafanya kazi, au kina ugonjwa mdogo wa kutibika. Ya tatu ni ya kilo, kwenye mizani ya skrepa. Watu wengi wanaijua ya kwanza kwa sababu iliwauma, na ya tatu wanaijua kwa sababu kijana wa mkokoteni hupita akipiga kelele mtaani kila asubuhi. Ya pili ndiyo inayotuponyoka. Na inaponyoka ikiwa kabatini, chini ya kitambaa kama hiki, wakati sisi tunasema "tuiweke, itakuja kufaa".

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Zanzibar walikuwa wanaangalia televisheni ya rangi tangu miaka hiyo ya sabini, sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha. Kwa hiyo mtu aliyenunua TV hapa Mbeya miaka ya tisini alinunua kitu ambacho mtaa mzima ulikuja kukiona. Watoto walikaa chini, wageni wakaletewa benchi, na mwenye nyumba akatoza shilingi mpira ukichezwa. Hiyo bei ya ng'ombe haikuwa ya kioo na waya peke yake. Mlikuwa mnalipia na uhaba.

Uhaba ukiisha, bei hushuka hata kama kitu ni kile kile. Mwaka 1983 kampuni ya Motorola ilipoonyesha simu yake ya kwanza ya mkononi ya kuuzwa, ilikuwa na uzito wa karibu kilo nzima, unaongea nusu saa betri inakata, na bei yake ilikuwa dola 3,995. Leo simu ya vitufe yenye tochi na redio unainunua pale stendi ya Kabwe kwa pesa ya kuku, na inakaa na chaji siku tatu. Sababu moja ni viwanda kutengeneza mamilioni kwa mkupuo. Nyingine ni hivi vipande vyeusi kwenye bodi, vyenye miguu kama jongoo. Gordon Moore, mtaalamu wa vipande hivyo huko Marekani, alisema mwaka 1965 kwamba idadi ya tranzista, yaani swichi ndogo sana za umeme, zinazobanwa kwenye kipande kimoja inaongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka 1975 akarekebisha akasema kila miaka miwili. Mimi niliithibitisha kwa mfuko wangu: memori kadi ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya MB 256, nikaifunga kwenye kitambaa kama hirizi. Kwa pesa ile leo unapata ya kuweka harusi nzima ya ukoo, na video ya mnada juu.

Sasa wapo watakaoniuliza, "Fundi, kama bei zinashuka hivyo, mbona sisi hatuoni?" Swali zuri, nalipenda. Mwaka 2000 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 800. Mwaka 2024 ilikuwa inatafutwa kwa zaidi ya 2,500. Kifaa kikishuka huko kilikotoka hadi theluthi ya bei yake, na shilingi nayo ikashuka hadi theluthi, wewe wa Mwanjelwa unaona bei imesimama pale pale. Ila kwa bei hiyo hiyo umepewa kikubwa zaidi: wa mwaka 2000 alichukua chogo la inchi 14, wewe unachukua flati ya inchi 32. Na siku nyingine bei hupanda kabisa. Wakati wa UVIKO-19 viwanda vilipokosa vipande vya kutosha, mwaka 2021 laptopu zilipanda na wauzaji wa mitumba wakacheka. Kwa hiyo msije mkanisikia mkaenda kukaa mnasubiri bei ya mwaka kesho. Unayehitaji simu leo nunua leo. Ninachosema kinamhusu aliye na simu mbili na haitumii moja.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kuja kusimama hapa.

Vifaa vinashuka bei. Lakini vilivyo ndani yake vinapanda. Mwaka 2001 tani moja ya shaba kwenye soko la London ilishuka hadi chini ya dola 1,500. Mwezi Mei 2024 ilipita dola 10,000. Dhahabu, wakia moja mwaka 2000 ilicheza karibu dola 280, na 2024 ikapita 2,500. Nanyi mnayaona haya kwa macho kila siku, mkisimama pale barabarani Mafiati: malori yanashuka kutoka Tunduma yamebeba vile vibati vyekundu vya shaba ya Zambia na Kongo, yamefungwa turubai, yanakwenda bandarini Dar. Shaba hiyo inavuka bahari, inakuwa waya, inakuwa koili, inarudi ndani ya feni na chaja, inapita barabara ile ile kuja dukani. Halafu feni ikikwama tunaitupa korongoni. Yaani tumesimama kando ya njia ya shaba tunatupa shaba.

Kwa hiyo kuna mistari miwili. Mmoja unateremka kama mtu anayeshuka kutoka mlima Loleza, ni thamani ya kifaa kikiwa kizima. Mwingine unapanda polepole, ni thamani ya madini yaliyomo. Siku mistari hiyo inapokutana, kifaa kizima kinakuwa na thamani ndogo kuliko mzoga wake, na hapo ndipo mtu anachukua nyundo. Fundi akikuambia matengenezo ni elfu thelathini na mpya ni elfu arobaini, nyundo imeshanyanyuliwa. Naongea kama mtu anayekula kwa kutengeneza: biashara yangu ya deki za DVD ilikufa hivyo hivyo, katika muda kama wa miaka minne. Nilikuwa napokea deki nyingi kwa wiki, nabadilisha lenzi, nasafisha, mteja anafurahi. Bei ya deki mpya ikashuka ikaikaribia bei ya lenzi pamoja na jasho langu. Watu wakaacha kuja. Sikufanya kosa lolote, wala wao.

Kuna kifo kingine ambacho hakitokani na bei wala uchakavu. Kifaa kizima, kinawaka, kimekataliwa na wenzake. WhatsApp ilipoacha simu za Android za toleo la 4.4 mwanzoni mwa mwaka 2025, nililetewa simu nzima kabisa, wenyewe wanasema zimeharibika. Hazikuwa na ubovu wowote. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft nao wakaacha kuihudumia Windows 10. Maofisi mengi duniani yanabadilisha kompyuta kwa sababu hiyo, na sehemu ya hizo zinakuja huku kama mitumba. Kijana mwenye akili anazinunua, anaweka programu ya bure ya Linux, anamuuzia mwanafunzi ambaye anataka kuandika ripoti yake tu. Hiyo ndiyo bei ya pili ikifanya kazi. Ila mtazame na upande wa pili wa jambo hilo: wenzetu wakishaona mwisho wa kitu, ndipo sisi tunakiona mwanzo wake, na mzoga unabaki kwetu.

Na upo uongo mmoja uliotugharimu, naomba niutaje. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Mbeya, baada ya Dar kuanza mwishoni mwa 2012, watu wengi waliamini chogo limekufa. Halikufa! Lilihitaji king'amuzi tu, unachomeka waya wa njano na mweupe na mwekundu, picha inatoka. Hata hii hapa mezani ingewaka leo hii kama ningekuwa na king'amuzi. Lakini watu waliziuza kwa bei ya kutupa, wengine wakazitupa kweli, na wengine, kama mama yetu wa Vwawa, wakazifunika kitambaa wakangoja. Walioziuza mwezi ule kwa hofu walipata kidogo. Waliozifunika hawakupata hata hicho kidogo.

Tuje kwenye kabati. Mke wangu alifungua droo yangu mwezi uliopita, akahesabu simu kumi na moja. Mimi ninayewahubiria nyie. Moja ilikuwa na kioo kilichopasuka, ningeiuza miaka mitatu iliyopita kwa fundi mwenzangu akatoa kamera na mfumo wa chaji. Nikamwuliza sasa hivi, akanicheka: "Kaka, simu hiyo nani anayo tena, hiyo spea nitamfungia nani?" Mnaona? Spea nayo ina umri. Kioo cha simu iliyo mikononi mwa watu ni mali, na kioo cha simu iliyopotea mtaani ni kioo tu.

Unapotaka kuuza simu, usisahau kuondoa akaunti yako. Wengi hawalijui hili. Simu ikifutwa bila kutoa akaunti ya Google, ikiwashwa inauliza neno la siri la mwenye nayo wa kwanza. Mnunuzi anadhani ni ya wizi, na anaposhuku hivyo halaumiwi. Bei inakatwa nusu, au anaiacha. Ingia kwenye mipangilio, toa akaunti, ndipo ufute kila kitu. Picha zako za harusi na namba za mikopo nazo zisiende na simu. Na anayenunua naye apige *#06#, aone namba ya IMEI, yaani kitambulisho cha simu yenyewe, aitume kwenda 15090, alinganishe na simu aliyoshika. Mwaka 2016, mwezi Juni, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki kwa usiku mmoja, na nilimwona mtu pale sokoni asubuhi yake ameshika simu kubwa ya bei, haina mtandao, anaipigapiga kama redio ya zamani. Tunza boksi na risiti. Boksi tupu linaongeza pesa kuliko mnavyodhani.

Sasa bei ya tatu, ya mizani. Hapa nataka nifungue hii TV kidogo, mlioko nyuma mnaweza kusogea. Msiguse. Huu mfuniko wa waya mwekundu uliokaa kama soksi kwenye shingo ya kioo ndio shaba yenyewe. Humu ndani kwa makadirio yangu hamfiki nusu kilo. Hii nyeusi yenye waya mnene uliokwenda kwenye mgongo wa kioo ni flaibaki, kipandisha umeme wa kioo, ikiwa moto inakurusha ukutani, na hata TV ikizimwa kioo kinaweza kubaki na umeme. Nimepigwa mara mbili. Na kioo chenyewe, hiki ambacho kijana wa skrepa alikikataa, kimechanganywa na risasi, ile ya kwenye betri. Katika TV moja kama hii risasi yake inaweza kupita kilo moja. Waliiweka kwa makusudi, kuzuia miale isiwafikie watazamaji. Mkiwa mmekaa mnaangalia, inawalinda. Mkikivunja mkakitupa kando ya shamba la mahindi, mvua za Mbeya mnazijua, kinaanza kazi nyingine.

Ndiyo maana nasema bei ya kilo ina ulemavu: inalipa kilicho rahisi kuchomoa, na kinachobaki hakuna anayekihesabu. Shaba imeuzwa, kioo kiko korongoni. Alumini imeuzwa, gesi ya friji imeachiwa hewani kwa kukata bomba kwa msumeno. Betri ya sola imeuzwa, lakini kwanza asidi imemwagwa mtaroni ili iwe nyepesi kubeba, na huko mbele kuna mtu anayeyusha risasi kwenye sufuria ya nyumbani kutengeneza chubwi za nyavu. Risasi haina harufu. Mtoto anayecheza pale haumwi siku hiyo. Inamwathiri ubongo polepole, na wataalamu wa afya duniani wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake.

Nami niseme yangu. Miaka kama mitano ya kwanza nilichoma waya nyuma ya banda. Ni haraka: unakusanya, unawasha tairi, plastiki inayeyuka, shaba inabaki. Ule moshi mweusi unaokwaruza koo una sumu inayotoka kwenye plastiki ya waya ikiungua, inakaa mwilini na kwenye maziwa ya ng'ombe anayekula majani ya pale. Aliyeniachisha hakuwa mtu wa mazingira. Alikuwa mnunuzi. Alinionyesha kuwa shaba iliyochomwa ni nyeusi na anainunua chini kuliko ile nyekundu iliyomenywa kwa kisu. Nikafanya hesabu, nikanunua kisu. Kwa hiyo kama hamtaki kuacha kuchoma kwa ajili ya mapafu, acheni kwa ajili ya bei.

Kuna ndugu zetu wa Chunya hapa? Naona mikono. Nyie nitawaambia kitu. Pale Lupa watu wanachimba dhahabu tangu miaka ya 1920, na tani moja ya mawe ikitoa gramu tano au kumi watu wanachinja mbuzi. Idara ya jiolojia ya Marekani ilipiga hesabu ya simu za miaka ile ya 2000: simu milioni moja zilikuwa na tani 16 za shaba, kilo 350 za fedha na kilo 34 za dhahabu. Gawanyeni wenyewe. Simu elfu moja, gramu 34. Na simu elfu moja za wakati ule hazifiki uzito wa magunia mawili ya viazi. Ukizipata za kufika tani, dhahabu yake ni kama gramu 300. Hakuna mwamba Chunya unaotoa hivyo kila siku.

Najua mmeshaanza kufikiria. Ngojeni. Simu moja ina dhahabu ya miligramu 34 tu, imepakwa nyembamba kuliko rangi ya kucha, imekaa pamoja na madini mengine mengi. Kuitoa kwa asidi ya nitriki kwenye ndoo, au kwa zebaki kama mlivyozoea, mnapata kiasi kidogo, mnapoteza sehemu kubwa, na mvuke mnaupeleka wenyewe kifuani. Wanaoitoa vizuri ni viwanda vikubwa vya kuyeyusha, kama kile cha Umicore pale Hoboken, Ubelgiji, chenye tanuru na mitambo ya kukamata moshi. Kazi yetu sisi siyo kuyeyusha. Kazi yetu ni kukusanya, kutenganisha, kuweka bodi na bodi, betri na betri, na kuuza kwa wakusanyaji wenye kibali, ambao wanaweza kusafirisha kwa taratibu za Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatari. Bodi nzima, isiyochomwa, isiyong'olewa vipande vyake vya maana, ina bei. Iliyochomwa haina.

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana wanasheria wapo na wanalipwa kwa hilo. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kuna kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kukusanya na kuhifadhi kunahitaji kibali, na pa kuanzia kuuliza ni NEMC, baraza la taifa la mazingira; ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya, siyo Dar. Nendeni mkaulize mapema, kabla hamjajaza banda. Fundi mwenye vibali anaweza kuongea na ofisi kubwa au shule yenye kompyuta mbovu arobaini. Asiye navyo atabaki kununua simu moja moja mlangoni.

Takwimu moja tu, halafu nawaachia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana ni asilimia 22.3. Afrika haifiki asilimia moja. Nilipoisoma nilikasirika kidogo. Redio iliyotengenezwa mara nne na kupita mikono mitatu, kutoka Mbozi hadi Ileje, haimo kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa haijawahi kuitwa taka. Kwa hesabu zao sisi ni asilimia sifuri na kitu. Kwa hesabu za benchi langu, kuna redio ya National humo dukani ina miaka zaidi ya arobaini na jana ilisoma taarifa ya habari. Lakini sitaki tujifiche nyuma ya redio hiyo. Redio ile ilitengenezwa ikiwa na skrubu. Simu za sasa zimebandikwa gundi, betri haitoki mpaka upashe moto kioo, na ukikosea betri inatoboka inawaka. Betri iliyovimba msiitoboe, msiikalie, msiitupe chooni. Najua tunazitupa chooni, hata zile za tochi, nyumbani kwetu tulifanya hivyo, na mkaa wake tulipaka ubao wa shule. Iwekeni kwenye kopo lenye mchanga mkavu, mniletee.

Tulichokubaliana mafundi tisa wa mstari wetu ni hiki. Kila banda lina ndoo mbili, moja ya betri na moja ya bodi. Mteja akileta kitu kilichokufa hatumwambii "kiache hapo" halafu tunakigeuza kuwa pesa yetu. Tunamwambia bei ya spea na bei ya kilo, anachagua. Chogo tunazipokea nzima, kioo hakivunjwi, tunaziweka juu, chini ya bati lisilovuja. Kwa sasa ziko kumi na tisa, na sitawadanganya, hakuna anayezilipia. Shaba yake tumeiacha humo humo, kwa sababu ukishaitoa hakuna tena anayetaka kuja kubeba kioo. Anayezitaka azichukue na mzigo wake wote. Mwenyekiti, hapo ndipo tunapoomba mtusaidie chumba, hata kile stoo cha soko kisichotumika.

Mama wa Vwawa sikumpa laki mbili. Nilimbadilisha kapasita tatu zilizovimba, nikamtafutia kinyozi wa Igawilo aliyetaka kitu cha kuonyeshea mikanda ya ngumi wakati wateja wanasubiri. Alimpa elfu ishirini na tano, tena kwa kubembelezwa. Kinyozi amenunua flati mwezi huu, ndiyo maana imerudi hapa mezani. Mama nilimpigia juzi, akasema TV nimpe yeyote, ila kitambaa anakitaka, kwa hiyo kinarudi Vwawa na Coaster ya saa nane.

Maswali tuulizane tukiwa tunakunywa chai, imeshaiva pale kwa mama ntilie. Na wewe kijana uliyekaa mlangoni na deki kwenye mfuko wa sandarusi, usiondoke. Mota yake kama inazunguka nina mtu anaitafuta.